Mafiga Matatu na Mtoto wa Nakijwa

Nikisema "Moto," nyinyi semeni "Tumeusogelea." Moto! Tumeusogelea. Moto! Tumeusogelea. Haya, sogeeni kweli basi, na wewe mwenye miguu mirefu ikunje, wenzio nao waote.

Hapo kale, mawe yalipokuwa bado yanasema, palikuwa na kijiji juu kabisa mlimani, kule ambako ukungu huingia ndani bila hodi. Watu wa huko walikuwa na mwiko wao. Mtoto akizaliwa, nyumba nzima hutulia mpaka kitovu kidondoke. Hakuna kutwanga, hakuna kufagia, hakuna kupekecha moto, jirani haingii wala wa ndani hatoki kuomba moto. Walisema roho ya mtoto mchanga ni nyepesi, ikisikia vishindo inaondoka. Msinitazame hivyo, mwiko si wangu.

Nakijwa alijifungua mtoto wa kike kabla ya siku zake, kitoto cha kuenea viganjani. Mumewe alikuwa ameshuka tambarare kutafuta chumvi. Nyumbani alibaki yeye na mama mkwe wake, Bibi Namsifu, na moto kwenye mafiga matatu. Asubuhi moja mvua ikanyesha, paa likavuja, maji yakamwagika katikati ya jiko. Moto ukafa.

Nakijwa alimshika mtoto miguu, ya baridi. Akamshika mikono, ya baridi. Akamwekea shavu tumboni, na huko nako kunaanza kupoa. Akamkumbatia kifuani, lakini yeye mwenyewe alikuwa amelowa chepechepe, maungo yanamtetemeka. Bibi Namsifu akamnong'oneza ajizuie, atulie. Akajikaza asitetemeke, na alivyojikaza ndivyo alivyozidi kupoa. Mtoto hata kulia alikuwa ameacha.

Ndipo figa la kwanza, lililokuwa bado na joto la moto uliokufa, likasema, "Nilaze naye."

Nakijwa alilifunga jiwe kwenye nguo kavu, akaliweka ubavuni mwa mtoto. Jiwe likamweleza kwamba ndani yake mna vichembe vidogo hata jicho halivioni, na vyote vinacheza ngoma. Vikicheza kwa kasi watu husema joto, vikicheza polepole watu husema baridi. Vichembe vyake vilikuwa vinavigonga vya mtoto, vinaviamsha. Miguu ya mtoto ikapata uhai kidogo. Kisha jiwe likapoa.

Nakijwa akalisihi liendelee. Likasema limekwisha. Ngoma yake imeingia kwa mtoto, imeingia ukutani, imeingia kwenye hewa, na ikishatawanyika hivyo hairudi yenyewe.

Akachukua figa la pili. Mtoto akapata uhai kidogo, jiwe likapoa. Akamfunika nguo zote zilizobaki kavu. Figa la pili likamwambia nguo hazichezeshi kitu, zinazuia tu ngoma isitoroke upesi. Na ngoma yenyewe imebaki kidogo.

Akanyoosha mkono kwa figa la tatu, mkono unatetemeka.

"Ukinimaliza mimi, umemaliza," likasema. "Hebu tazama mkono wako. Mwili wako unacheza usizimike, nawe unaukataza. Mwanao hajui kutetemeka. Mchezee wewe."

"Nicheze vipi?"

"Pekecha."

Nakijwa alimlaza mtoto na figa la tatu, akachomoa ukutani vijiti vya mumewe vya kupekechea, na ubao wake. Bibi Namsifu akamdaka kifundo cha mkono.

"Utamuua, mwanangu."

"Mama, anakufa hivi hivi."

Akajinasua, akakaa chini, akapekecha. Kijiti kikalia juu ya ubao, kri kri kri, ndani ya nyumba iliyokatazwa vishindo. Kila kijiti kilipolia aligeuka kumtazama mtoto kama roho imeondoka. Ubao ukapata joto. Ukatoa moshi. Mikono ya mzazi haina nguvu, jamani, ikamlegea, moshi ukapotea. Akaanza upya, moshi ukaja, ukapotea. Figa la tatu nalo linapoa.

Bibi Namsifu alikuwa ameligusa jiwe lile. Akaliuliza polepole, "Na wale wangu wawili waliokufa wachanga? Niliwatuliza vizuri. Hawakusikia kishindo hata kimoja."



Bibi Namsifu akapiga magoti mbele ya ubao, akampokonya mkwewe kijiti. Alipekecha huku machozi yanamtoka, hakuyafuta. Kijiti kikalia, ubao ukatoa moshi, cheche ikadondoka kwenye nyasi kavu. Nakijwa akapuliza. Moto ukashika.

Baadaye sana mtoto alilia, kilio kikubwa kuliko yeye mwenyewe. Nakijwa akafanya kumnyamazisha, kwa mazoea ya nyumba ile.

"Mwache," akasema Bibi Namsifu. "Mwache apige kelele."

Akafungua mlango, akachukua kinu kilichokuwa kimefunikwa pembeni, akaanza kutwanga kwa nguvu, kijiji kizima kisikie.

Basi, hadithi nimeitoa ikiwa ya moto, ipokeeni kabla haijapoa. Mnajua sasa: joto ni mwendo, na mwendo lazima mtu autoe. Mnaobisha, sugueni viganja muone. Na wewe uliyekaa mbele ya moto kama ukuta, hama hapo, ngoma yetu yote unaimaliza wewe.