Mbwa Aliyeoshwa Bila Kuulizwa

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa nini?

— Pakawa hori la maji!

Kaingizwa nani?

— Kaingizwa mbwa!

Aliulizwa?

— Hakuulizwa!

Haya, sogeeni. Wewe hapo mlangoni, ingia kabisa au toka kabisa, baridi inatuingilia. Na nikifika kwenye wimbo msinitazame tu kama mbuzi, mwitikie.

Hapo zamani za kale, zamani za kale kweli, wanyama walipokuwa wakizungumza na watu bila kuoneana haya, palikuwa na mama mmoja mjane, aliyeishi juu milimani kwenye nchi ya ukungu. Jina lake Nakijwa. Alikuwa na mbuzi tisa na mbwa mmoja. Mbwa huyo Nakijwa alimlea tangu akiwa kitoto ambacho hakijafungua macho, akimnywesha maziwa kwa kitambaa, na majirani walipocheka, akampa jina Watasema.

Nakijwa alikuwa mwanamke wa kazi. Akisema nitalima leo, analima leo. Akisema sili kwa fulani, hali. Nakijwa akiamua, ameamua.

Sasa, huko milimani kulikuwa na desturi moja kali. Wakati wa kipupwe ukungu hushuka malishoni tangu alfajiri hadi jua la utosini. Mchungaji haoni hata vidole vyake. Pua ya mbwa ndiyo macho ya kijiji. Kwa hiyo mbwa akipoteza mbuzi watatu katika kipupwe kimoja, huhesabiwa kuwa hafai. Hufungwa kamba, hupelekwa ng'ambo ya msitu, huachwa huko. Na kati ya walioachwa huko hajawahi kurudi hata mmoja.

Watasema hakuwa amepoteza mbuzi hata mmoja maishani mwake. Kumbukeni hilo.

Siku moja wanawake wa kijiji walikutana kusuka mikeka nyumbani kwa Nakijwa, maana zamu ilikuwa yake. Watasema alikuwa amejilaza karibu na jiko. Wifi wa Nakijwa, aitwaye Namsifu, akakunja pua. Akasema mbele ya watu wote, "Wifi, chai yako tamu, mkeka wako mzuri, lakini nyumba yako inanuka mbwa."

Wanawake wakacheka. Hawakucheka sana, ila walicheka. Nakijwa aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Wageni walipoondoka, akashika ndoo akaenda mtoni. Njiani akamkuta Fisi ameketi juu ya jiwe. Siku hizo Fisi hakuwa na jina baya. Alitembea kifua mbele, mgongo umenyooka, akisalimia kila mtu.

"Shikamoo, mama. Mbona uso umekunjamana?"

"Marahaba, Bwana Fisi. Mbwa wangu ananuka. Watu wananicheka."

"Pole sana, mama yangu. Hilo ni jambo dogo. Mwoshe kila siku. Usiruke hata siku moja! Chukua maji ya majivu, chemshia humo mchaichai mwingi, msugue mpaka anukie shamba zima."

Mtaniuliza, mtu mzima anasikilizaje maneno ya Fisi? Ni aibu, wanangu. Siku ile Nakijwa angemsikiliza hata jiwe, mradi limwambie watu hawatamcheka tena.

Akarudi nyumbani, akajaza hori. Watasema akaona hori, akaona mvuke, akarudi nyuma. Akaimba. Haya, mwitikie:

Ngozi ni yangu, mama!

— Niulize!

Pua ni yangu, mama!

— Niulize!

Kazi ni yangu, mama!

— Niulize, niulize!

"Nikuulize nini?" Nakijwa akasema. "Mbwa anajua nini habari za kuoga? Ingia!"

Akamwosha Jumatatu. Akamwosha Jumanne. Akamwosha Jumatano, na Alhamisi, na siku zote zilizofuata. Mbwa akanukia mchaichai kutoka mkiani hadi masikioni. Namsifu akapita akasema, "Afadhali." Nakijwa akafurahi.

Lakini Watasema hakufurahi. Ngozi ilikauka, ikapasuka pasuka. Alijikuna mchana, akajikuna usiku, manyoya yakamtoka kiganjani kwa mama yake. Na puani hakukuwa na kitu kingine ila mchaichai. Akinusa upepo, mchaichai. Akinusa mbuzi, mchaichai.

Asubuhi ya siku ya kumi ukungu ulishuka mzito. Nakijwa akapeleka mbuzi malishoni, Watasema yuko ubavuni anajikuna. Mbuzi mmoja akalia, "Mee!" mara moja tu. Watasema akakimbilia huku, akakimbilia kule. Ukungu ulipoinuka, mbuzi walikuwa wanane.

Mgonja, mkuu wa malisho, akaja akaweka jiwe moja mlangoni kwa Nakijwa. "Huyu wa kwanza," akasema. "Nadhani ni chui. Angalia mbwa wako, mama."

Nakijwa akaenda mtoni kulia peke yake. Fisi huyo, juu ya jiwe lake, mdomo unang'aa mafuta.

"Pole, mama yangu! Nimesikia. Kosa ni langu, maji yamezidi. Sasa fanya hivi: asiguse maji tena. Hata tone! Hata mvua ikinyesha, mfunike. Acha uchafu wake umlinde."

Nakijwa akafuta machozi. Akalipasua hori lile lile likawa kuni, akapikia uji. Nakijwa akiamua, ameamua.

Watasema akamfuata hadi jikoni, akaimba:

Ngozi ni yangu, mama!

— Niulize!

Pua ni yangu, mama!

— Niulize!

Kazi ni yangu, mama!

— Niulize, niulize!

"Nyamaza, mwanangu," Nakijwa akasema. "Safari hii nimepata ushauri mzuri."

Zikapita wiki, ukapita mwezi. Watasema akaanguka matopeni, tope likamkaukia tumboni. Akajigaragaza kwenye mzoga wa panya, mnawajua mbwa, nao uvundo ukabaki hapo hapo. Viroboto wakahamia, kupe wakajenga. Sikio moja likavimba kwa kupe likawa kama boga changa. Akinusa upepo, ananusa mzoga. Akinusa mbuzi, ananusa mzoga.

Ukungu ukashuka. Mbuzi akalia, "Mee!" mara moja tu. Watasema akakimbilia huku, akakimbilia kule, akajikwaa kwenye tope lake mwenyewe. Ukungu ulipoinuka, mbuzi walikuwa saba.

Mgonja akaweka jiwe la pili. Hakuketi, hakunywa chai. "Nakijwa, dada yangu, unajua desturi. La tatu likiwekwa hapa, nakuja na kamba. Nami sipendi, lakini nitakuja."

Nakijwa akatazama mawe yale mawili. Akamtazama Watasema, naye Watasema akatazama chini. Ndipo moyo ulipomuuma kweli. Aibu ya mikeka ikawa si kitu tena. Akasema kwa sauti, "Haendi! Mbwa huyu haendi ng'ambo ya msitu nami nikiwa hai."

Akatoka mbio kwenda mtoni. Fisi akamwona kwa mbali akainuka, kitambi kimeongezeka.

"Mama yangu wee! Wa pili? Basi sikiliza dawa ya mwisho. Rudia mchaichai, lakini mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni..."

Nakijwa akageuka kurudi, anachuma mchaichai na kuhesabu mafungu njia nzima. Alipofika uani akamkuta Watasema amelala mbele ya mawe yale mawili, kichwa juu ya miguu, anaimba taratibu. Sauti imekauka, lakini haachi:

Ngozi ni yangu, mama...

— Niulize!

Pua ni yangu, mama...

— Niulize!

Kazi ni yangu, mama...

— Niulize, niulize!

Nakijwa akasimama. Mchaichai ukamdondoka mkononi. Akachuchumaa, akakishika kile kichwa kinachonuka, akasema, "Haya, mwanangu. Nakuuliza. Uoshwe mara ngapi?"

Watasema akapumua pumzi ndefu.

"Mama, mwezi ukiandama, nioshe. Mwezi mmoja, mara moja, inanitosha. Maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo isiyo kali, kisha unisuuze mpaka povu liishe lote. Chagua siku ya jua, nikauke. Nikigaragara kwenye mzoga, usingoje mwezi, nioshe siku hiyo hiyo, nami nitavumilia. Siku nyingine zote chukua gunzi la mahindi unisugue manyoya, unitoe kupe. Basi."

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu, mama. Na kuna jambo lingine. Uliponipaka mchaichai, nani angeshindwa kujua niko wapi, hata kwenye ukungu? Uliponiacha ninuke mzoga, nani angeshindwa? Anayechukua mbuzi wetu hutangulia kuninusa, kisha hupita upande mwingine. Nikinuka mbwa tu, nikilala katikati ya mbuzi, nanuka nyasi na zizi. Hapo hanipati. Mama, huo ushauri, nani alikupa?"

Nakijwa akaketi chini pu! Akaliona moyoni lile jiwe la mtoni. Akauona ule mdomo unaong'aa, na kitambi. Kisha akainuka, akajifunga kanga kiunoni, akakaza fundo. Mnajua maana yake: Nakijwa ameamua.

Akaazima hori kwa jirani. Kwa bahati mwezi uliandama jioni ile ile. Kesho yake jua likatoka, akamwosha Watasema taratibu, nyuma ya masikio, katikati ya vidole, akamsuuza mara tatu. Akamtoa kupe mmoja mmoja kwa kucha na mafuta. Kisha akamsugua kwa gunzi mpaka mbwa akafumba macho kwa raha. Kila siku gunzi, lakini maji hapana, hata Namsifu alipopita akasema, "Wifi, leo humwoshi?" Nakijwa akajibu, "Leo si siku yake."

Zikapita wiki mbili. Ngozi ikapona. Pua ikafunguka. Watasema akawa anasikia harufu ya mvua kabla ya wingu.

Ndipo Nakijwa akachemsha chungu kikubwa cha mchaichai. Akachovya mkeka mzee humo, akauanika juu ya kichaka, upande wa juu wa malisho. Upande wa chini akalaza mbuzi wake saba, na katikati yao akamlaza Watasema. Akamwambia, "Mwanangu, jiwe la tatu halitawekwa." Watasema akajibu, "Halitawekwa, mama."

Ukungu ukashuka, mzito kama uji. Fisi akaja ananyata. Akainua pua. "Aa! Mchaichai uko juu. Yule mama ni mtiifu kweli! Mbwa yuko juu, mimi napita chini." Akashuka huku anameza mate. Akanusa: nyasi. Akanusa: zizi. Akanusa: mbuzi, mbuzi, mbuzi. Akanyoosha mdomo.

Mbuzi wa katikati akasimama. Wa katikati hakuwa mbuzi.

Watasema alimkamata kwenye kiuno, hapo juu ya miguu ya nyuma, akauma, akaning'inia. Fisi akaruka, Watasema haachi. Fisi akabingirika, Watasema haachi. Fisi akapiga yowe, "Niache! Mchaichai uko juu, nawe uko huku! Imekuwaje? Si nilimwambia mara mbili kwa siku?"

Aliyasema hayo kwa mdomo wake mwenyewe, na kelele za pambano zilikuwa zimekwishawaleta watu wote. Mgonja aliyasikia. Namsifu aliyasikia. Kila mtu akashika alichoweza, mwiko, jembe, kuni, na Fisi akatoka mkuku huku kiuno kimelegea. Mpaka leo mgongo wake haujanyooka tena. Mtazameni, mbele yuko juu, nyuma yuko chini. Ni meno ya Watasema yale.

Mgonja akaenda mlangoni kwa Nakijwa. Akayaokota yale mawe mawili, moja baada ya jingine, akayatupa bondeni. Kisha akamwinamia mbwa, akamwambia, "Nisamehe, bwana." Nakijwa akalia. Safari hii alilia mbele ya watu wote, wala hakuona aibu.

Jioni wanawake wakaja kusuka. Watasema akajilaza karibu na jiko, ananuka mbwa kidogo, si sana. Hakuna aliyekunja pua. Namsifu akakohoa, akavuta mkeka karibu na Nakijwa, akanong'ona, "Wifi, nami nina mbwa wangu kule nyumbani. Nimwoshe mara ngapi?"

Nakijwa hakuinua macho kwenye ukindu wake. "Umemuuliza?"

Basi, wanangu, hadithi hii inatufundisha kwamba unayempenda usimtengeneze kwa ajili ya pua za watu. Yeye ndiye mwenye ngozi. Mpe kinachomtosha, usimzidishie wala usimpunguzie, na kwanza kabisa muulize.

Hadithi yangu imetakata, maji ya hori nimeyamwaga. Anayetaka zaidi, mtoni kunajulikana, akachote mwenyewe.