Majora ya Manjano

Kibwana alipiga pindo la mwisho kwenye sare ya shule, akafunika cherehani, akaenda kwa Badawi, tajiri wa vitambaa, kutafuta pamba nyepesi ya mavazi yake ya kwanza ya kiangazi. Maonyesho ya mavazi yangefanyika Jumamosi, wiki moja baadaye.

"Majora haya ya manjano nakupa bure," alisema Badawi. "Ila kila gauni litatoka kwa jina langu."

"Na jina langu, tajiri?"

"Wewe ni sindano tu."

"Basi niuzie mita sita, nikajaribu mshono."

Siku ya tatu, wanawake waliokuwa wamechagua kitambaa kile kwa sare ya harusi walikirudisha dukani.

"Wakaanga samaki sokoni wamevaa aproni za kitambaa hiki! Twende harusini tumefanana nao?"

Badawi alimfuata Kibwana mbio. "Fundi, yachukue majora yote bure, ila jina langu usilitaje popote!"

"Kitambaa cha wakaanga samaki, tajiri? Nani atakivaa?"

"Nakuomba, ndugu yangu!"

Kibwana akaguna, akayapokea.

Kesho yake asubuhi alikwenda sokoni na utepe wa kupimia, akawapima magauni wale wakaanga samaki sita aliowashonea aproni.

"Jumamosi," aliwaambia, "jukwaani mtatangulia ninyi."