Mshale wa Nyani Uliokwenda Kushoto

Msikilizaji, umekaa?

Nimekaa.

Na sikio lako umelifungua?

Limefunguka, lete maneno.

Basi nitawataja kwanza waliokuwapo barazani, mmoja mmoja, asije mtu kesho akasema nimeongeza au nimepunguza. Alikuwapo Kongoni, jina lake Mwero, mkuu wa kijiji. Alikuwapo Nungunungu, jina lake Birya, mchonga mishale. Alikuwapo Kanga, jina lake Nyamvula, mama wa vifaranga. Alikuwapo Fisi, jina lake Gunga, ambaye hakuwa na kazi maalumu. Na alikuwapo Nyani, jina lake Tsuma, mpiga upinde, pamoja na mkewe. Chui hakuwapo. Chui ndiye aliyekuwa akizungumzwa.

Hapo zamani sana, wanyama walipokuwa bado hawajagawana pori, wote hao waliishi pamoja ndani ya boma la miiba. Chui alikuwa akija kuwala watoto wao. Wakamchagua Nyani alinde lango, kwa kuwa yeye peke yake alikuwa na vidole vya kuvutia upinde.

Chui akaja mara ya kwanza. Nyani akavuta, akaachia. Mshale ukaenda kushoto, ukachoma mti. Chui akamchukua mtoto wa Kanga, akaenda zake.

Fisi akasema polepole, kama mtu asiyependa kusema, "Mimi simtaji mtu. Lakini mshale ulionyooka hauendi kombo. Nani aliuchonga?"

Wote wakamgeukia Nungunungu. Miiba ikamsimama. "Gunga, mishale yangu ni miiba ya mgongo wangu mwenyewe. Umeona wapi mgongo wangu umepinda?"

Wakauviringisha mshale juu ya jiwe, wakaona umenyooka. Hata hivyo, tangu siku ile hakuna aliyethubutu kumpa Nungunungu kisogo.

Chui akaja mara ya pili. Nyani akavuta, akaachia. Mshale ukaenda kushoto. Chui akachukua mtoto mwingine wa Kanga, akaenda zake.

Fisi akasema, "Mimi simtaji mtu. Lakini upinde ule hulala kwa nani?"

"Hulala kwangu," akajibu Kongoni. "Unanishuku mimi, Gunga?"

"Hasha, Mzee! Nimeuliza tu."

Wakachonga upinde mpya. Lakini watu wakaanza kupika milango imefungwa, na kwenda kisimani kila mtu peke yake.

Chui akaja mara ya tatu. Upinde ulikuwa mpya, mshale ulikuwa mpya. Nyani akavuta, akaachia. Mshale ukaenda kushoto. Kanga akabaki na kifaranga kimoja.

Hapo Fisi akasimama. "Leo nitamtaja. Mtu anayekosa hukosa huku na huku, mara juu, mara chini. Tsuma hukosa mahali pamoja kila siku. Huko si kukosa, jamaa zangu. Huko ni kulenga. Tsuma na Chui wamepatana."

Maneno hayo yalikuwa na sura ya kweli. Hata mke wa Nyani akamtazama mumewe kwa pembeni.

"Naapa sijapatana na mtu," akasema Nyani. "Nikilenga, namwona Chui kwenye ncha ya mshale wangu. Sijui mshale unakokwenda."

"Hujui?" akacheka Fisi. "Mkono ni wa nani, wa jirani?"

Kongoni akatoa hukumu. Kwa desturi yao, msaliti alitolewa nje ya boma pamoja na mke na watoto wake, lango likafungwa nyuma yao. Huko nje Chui alikuwa akingoja. Kwa hiyo hukumu ile ilikuwa kifo, ingawa hakuna aliyelitamka neno hilo.

Ndipo Kanga akasema, "Ngojeni. Watoto walioliwa ni wangu. Nataka nimtazame usoni anavyodanganya. Tsuma, vuta upinde, unilenge mimi."

"Bi Nyamvula! Na mkono ukiteleza?"

"Ukiteleza, baba, mshale utakwenda kushoto. Hilo sote tunalijua."

Wengine wakacheka, kisha wakaona haya.

Kanga akasimama mbele ya Nyani. Akainamisha kichwa upande huu, akakiinamisha upande ule, kama walivyo kanga.

"Jicho gani linanitazama?" akauliza.

"Yote mawili, Bi."

"Si kweli. Sisi macho yetu yako ubavuni. Kila tukitaka kutazama kitu tunachagua jicho, kwa hiyo jicho lenye kazi tunalijua. Weka upinde chini, uchume jani pana."

Nyani akachuma jani. Kanga akalitoboa tundu dogo kwa mdomo. "Lishike kwa mikono yote miwili, nyoosha mikono, unitazame kwenye tundu."

Nyani akafanya hivyo.

"Ndani ya tundu naona jicho la kushoto," akasema Kanga. "Njooni nanyi mtazame."

Kongoni akaja, akaliona jicho la kushoto. Nungunungu akaja, akaliona jicho la kushoto. Fisi hakuja. "Mimi naona hapa hapa nilipo," akasema.

"Unaona nini?"

"Naona ujanja."

Kanga akaendelea, "Mkono unaovuta ni wa kulia, na mshale unakaa chini ya jicho la kulia. Lakini jicho linalolenga ni la kushoto. Mkono wake na jicho lake havikubaliani. Ndiyo maana mshale unakwenda upande."

"Basi alifumbe la kushoto," akasema Kongoni.

Wakalifunga kwa jani. Nyani akalenga kibuyu, mshale ukapita karibu sana. Lakini akasema, "Mzee, jicho hili la kulia linaona ukungu. Chui akija jioni sitamtambua."

"Basi avute kwa mkono wa kushoto," akasema Kanga.

Watu wakashtuka. Katika kijiji kile mkono wa kushoto ulikuwa wa kutupia udongo kaburini, haukufanya kazi nyingine mbele za watu.

"Mmesikia?" akasema Fisi. "Sasa anataka kutuzika wazima."

Kongoni akafikiri sana. Mwisho akasema, "Tsuma, utapiga mshale mmoja kwa mkono huo. Mkeo na watoto wako watasimama nawe nje ya lango. Ukipata, mtaingia. Ukikosa, sitalifungua."

Fisi akapenya kwenye miiba, akaenda kwa Chui. "Bwana wangu, leo njoo wima, usijifiche. Nyani hawezi kukupata, umejionea mwenyewe. Nami nitakungoja kichakani, unipe mifupa yangu kama siku zote."

Jioni Chui akaja wima. Watoto wa Nyani wakamshika mama yao miguu. Nyani akashika upinde kwa mkono wa kulia, akavuta kwa mkono wa kushoto. Mkono haukuwa umezoea. Lakini sasa mshale ulikaa chini ya jicho lile lile lililolenga. Akaachia. Ukamchoma Chui begani, na mshale ulikuwa na sumu.

Lango likafunguliwa.

Chui hakufa palepale, sumu ilikuwa bado haijamfika moyoni. Alikimbia mpaka kichakani, akamkuta Fisi anajilamba midomo.

"Uliniambia nije wima," akasema Chui. "Nyani amekulipa nini?"

"Bwana, mimi? Mimi ni mtu wako!"

"Ulikuwa mtu wao pia," akasema Chui, akamrukia.

Kijijini Nyani akaendelea kulinda lango kwa mkono wa kushoto. Wapo walioacha kumsalimu kwa sababu ya mkono ule, na wapo waliozoea.

Funzo lake ni hili. Mwenzako akikosa, usiwe mwepesi wa kumwita msaliti. Simama kwanza mbele yake, ujue anatazama kwa jicho gani. Na anayewafundisha watu kushukiana, naye hatapata wa kumwamini.

Hadithi nimeitua chini, anayeipenda na ajitwike. Imebaki habari moja tu, ambayo Kanga aliileta asubuhi kutoka kichakani. Gunga amekufa.