Mnavu wa Nakijwa

Mnauliza nani alipanda mboga ile ya mnavu kwenye visiki. Hakuna aliyeupanda. Kaeni niwaeleze.

Zamani huku milimani Upare, wazee wetu walikata fito za kujengea kwa zamu: mwaka huu upande huu wa msitu, mwakani upande ule. Visiki vilichipua, jua likafika chini, na mnavu ukaota hata watu wakauchoka.

Kisha Mzee Senkondo, mkuu wa ukoo, akaona visiki vikitoa utomvu, akaingiwa na huruma. Akaamuru msitu uachwe upumzike, fito zikatwe bondeni. Alikuwa mtu mwema, na kosa lake lilikuwa la mtu mwema.

Msitu ukanenepa. Matawi yakashikana, chini kukawa giza mchana kweupe. Mnavu ukapungua, halafu ukatoweka. Badala yake yakaja majani ya kangaga, yapendayo kivuli, na maua meupe yaliyoning'inia kwenye magome, mazuri ajabu. Watu waliyasifia, wakasahau mboga.

Mama mmoja, Nakijwa, hakusahau. Binti yake, Nasemba, alikuwa amemzika mtoto wake wa kwanza, aliyekufa kwa kukosa maziwa, na sasa alikuwa na mimba tena. Mboga ya kumletea mzazi maziwa ilikuwa mnavu tu. Nakijwa alizunguka msitu mzima, akarudi na kapu tupu. Akaenda kwa Senkondo kuomba ruhusa ya kukata miti kidogo, jua lifike chini.

"Mnavu umekufa, mwanangu," mzee akasema. "Utaniharibia msitu bure."

"Umelala tu, baba. Hata mimi nikifunikwa gubigubi siamki."

Mzee alicheka bila kupenda, akampa sehemu ya ukubwa wa kiwanja cha nyumba. Nakijwa akakata, mvua ikanyesha. Siku ya tisa, udongo ulijaa miche ya mnavu ambayo hakuna mkono ulioipanda. Senkondo alipiga magoti akaigusa. "Kumbe mlikuwa humu miaka yote!" Jamani, udongo una subira!

Nasemba alijifungua, akala, maziwa yakaja. Wengine walitaka kufyeka msitu wote. Nakijwa akakataa: "Kwenye kangaga msiguse. Kule nako kuna wenyewe, wapendao giza."

Basi toka mvua zile tunakata upande mmoja na kuuacha mwingine, na mnavu huamka wenyewe jua likiugusa. Na mwanamke akijifungua, mkuu wa ukoo ndiye anayechuma kapu la kwanza na kulifikisha mlangoni kwa mikono yake. Nyinyi wote mnaonisikiliza, makapu yenu niliyabeba mimi.