Mstari wa Watu Wanne na Mbuzi

Hapo zamani, wala si zamani ile ya wanyama kusema, ni zamani ya juzi tu, ya barua na stempu, palikuwa na chuo cha maofisa wa jeshi juu ya mlima wenye baridi. Mimi sikusoma huko. Nilikwenda kuomba, daktari akazitazama nyayo zangu bapa, akacheka mpaka akavua miwani, nikarudi nyumbani. Kwa hiyo msiniulize habari za bunduki. Ninachokijua mimi ni habari ya mstari mmoja wa watu wanne, na mbuzi.

Wanne hao walikula meza moja, ile iliyo karibu na mlango wa jiko. Namba Moja alikuwa Deusdedit Kaijage, mtu wa utaratibu, aliyekunja hata soksi zake kwa rula. Namba Mbili alikuwa Zuhra Machano wa Unguja, ambaye mwenzake akipiga chafya yeye anatafuta dawa. Namba Tatu alikuwa Lomayani, mbishi aliyebishana hata na kengele ya chakula. Namba Nne alikuwa Ignas Komba, mpole, aliyeanza kucheka kabla kichekesho hakijafika. Na juu yao alikuwepo Sajenti Chilumba wa kwata, mfupi wa kimo, mrefu wa sauti, na fimbo yake ya mpingo kwapani.

Siku ya kuhitimu, gwaride limenyooka, bendi imenyamaza, mgeni rasmi amesimama jukwaani. Mara akatokea mbuzi. Alikuwa mbuzi wa karamu, ambaye saa ile alipaswa kuwa sufuriani. Amevaa kofia ya Sajenti Chilumba. Amefungwa mkanda wa Sajenti Chilumba. Anapita mbele ya gwaride polepole, anawakagua askari mmoja mmoja, na mbele ya mmoja akasimama akatikisa kichwa. Mgeni rasmi, ambaye macho yake hayakuwa mazuri, akampigia saluti.

Kofia ile ilikuwa imekazwa kichwani kwa kitambaa cha meza, na kitambaa chenyewe kilitoka kwenye meza iliyo karibu na mlango wa jiko.

Sajenti akawapanga wanne nyuma ya jiko.

"Nani?" akauliza.

Kimya.

"Nani kamvalisha mbuzi kofia yangu?"

Ignas peke yake alitetemeka mabega, na si kwa baridi.

"Vizuri sana," akasema Sajenti. "Simameni hapo hapo. Asitawanyike mtu mpaka nirudi!"

Akaenda zake. Huko mbele akakuta lori la uhamisho linanguruma, akaambiwa panda, akapanda. Hakurudi.

Wanne wakasimama. Saa sita wakasimama. Saa nane wakasimama, wakisikia wenzao wakimtafuna shahidi. Saa kumi basi la kwenda makwao likapiga honi.

"Amri haijafutwa," akasema Kaijage.

"Na basi linaondoka," akasema Zuhra.

"Mimi siondoki, wala sibaki," akasema Lomayani.

Ignas akacheka. "Jamani, kwenye kwata si huwa tunaachiana nafasi ya mkono mmoja? Leo tuachiane nafasi kubwa kidogo. Mmoja Bukoba, mmoja Unguja, mmoja Arusha, mmoja Songea. Mstari ni ule ule. Ni nafasi tu imeongezeka."

Wakaona ni maneno ya akili. Wakakubaliana kwamba kila mwaka, tarehe ile ile, saa nne asubuhi, mstari utahesabu namba, mpaka Sajenti arudi aseme tawanyika. Kisha wakakimbilia basi.

Miaka ikaenda, thelathini na minne. Wakapanda vyeo, wakaoa, wakaolewa, wakaota vitambi, wakastaafu. Na kila mwaka wakahesabu. Wakati wa barua, kila mmoja alimpelekea Kaijage bahasha yenye neno moja tu. "Mbili!" "Tatu!" "Nne!" Bahasha ya Tatu ikitangulia kufika kabla ya ile ya Mbili, Kaijage aliirudisha posta ikasubiri zamu yake. Zikaja simu, wakahesabu kwa simu. Likaja kundi la wasapu, wakahesabu kwa kutumiana sauti. Siku binti yake Kaijage anafunga ndoa, padri anauliza kama kuna mwenye pingamizi, ikagonga saa nne. Baba wa bibi harusi akasimama mguu sawa akapaza sauti: "Moja!" Bwana harusi nusura atoke mbio.

Mwaka wa ishirini na tatu Ignas akafariki. Ilipofika tarehe, wote wakawa kwenye simu. "Moja!" akasema Kaijage. "Mbili!" akasema Zuhra. "Tatu!" akasema Lomayani, kwa mara ya kwanza bila ubishi. Kikaja kimya, kizito, hakuna aliyejua la kufanya nacho. Halafu ikasikika sauti ya mwanamke, nyembamba: "Nne!"

Alikuwa Bernadina, mjane wa Ignas, fundi wa kushona sare za shule. Tangu siku ile akawa anajibu yeye, miaka kumi na mmoja.

Sasa, mwaka huu Zuhra alikuwa njiani kwenda Songea kumwona Bernadina. Tumbo likamkata, akashuka mji mmoja mdogo, akaingia zahanati. Akamkuta mzee wa miaka themanini na sita, fimbo ya mpingo kwapani, ananyoosha foleni ya wagonjwa.

"Pangeni mstari! Wewe mwenye homa, kidevu juu! Mama, huyo mtoto alie akiwa amenyooka!"

Tumbo la Zuhra likapona pale pale.

Basi tarehe ilipofika, saa nne asubuhi, wote wakawa uani kwa Sajenti Chilumba. Kaijage, kanali mstaafu aliyewahi kuamuru vikosi, alibana visigino mbele ya sajenti. Wakapanga mstari. Bernadina akasimama mwisho, na pochi yake mkononi.

"Moja!" "Mbili!" "Tatu!" "Nne!"

Sajenti akawatazama mmoja mmoja. "Wanangu, niliwasahau," akasema. "Nilikumbuka lori lilipofika mpakani. Nikajisemea, wale ni wasomi, watakuwa wamekwenda kula." Akajifuta macho. "Mimi ni mzee, sitaki kufa na mstari wa watu mkononi. Fimbo hii namwachia mmoja wenu, yule aliyeushika mstari huu usikatike. Mwenye fimbo ndiye mwenye mstari. Akitaka atasema tawanyika, akitaka atausimamisha mpaka mwisho. Haya, semeni."

Kaijage akapiga hatua moja mbele. "Afande, fimbo ni yangu. Mimi ndiye niliyehesabu. Miaka thelathini na minne sikuchelewa dakika. Nimehesabu nikiwa na malaria, nimehesabu kanisani, mkwe wangu mpaka leo ananiogopa. Bila hesabu hakuna mstari. Nikipewa fimbo, nitaendelea kuhesabu."

Zuhra akapiga hatua moja mbele. "Afande, fimbo yangu mie. Huyu alihesabu akiwa kwenye kiti. Mie nilikwenda. Lomayani alipojitenga na watu baada ya kukosa cheo, nani alipanda mlima mpaka bomani kwake? Mie. Ignas alipolazwa, nani alikaa kitandani pake wiki tatu? Mie. Na wewe mwenyewe, nani kakuona? Bila mguu hakuna mstari. Lakini nikipewa fimbo, nitasema tawanyika."

"Zuhra!" akashtuka Kaijage.

"Ndiyo. Nishachoka kuja kwa amri. Nataka tuachiwe huru, kisha mwakani nione nani atakuja kwa kupenda mwenyewe."

Lomayani akapiga hatua mbili mbele, maana moja aliipinga. "Afande, fimbo ni yangu. Kundi la wasapu nimelihama mara kumi na saba, na kila nikihama hawa wanapigiana simu wiki nzima kunisema. Bila mimi wangekuwa na jambo gani la kuzungumza? Na jambo la pili." Akarudi hatua moja nyuma. "Mbuzi nilimvalisha mimi. Bila mbuzi hakuna amri, na bila amri hakuna mstari."

Miaka thelathini na minne alikuwa ameificha siri hiyo! Sajenti akamwendea Lomayani, pua kwa kifua.

"Kofia ile," akasema polepole, "ilimkaa yule mbuzi vizuri kuliko mimi." Akacheka mpaka akashika mbavu, na wote wakacheka, na Lomayani akabisha kwamba halikuwa jambo la kuchekesha.

Bernadina hakupiga hatua. Alibaki pale pale mwisho wa mstari.

"Na wewe, mama?" akauliza Sajenti.

"Mimi si askari, baba. Mwaka ule wa kwanza niliipokea simu ya marehemu kwa sababu ililia. Nikasikia moja, mbili, tatu, halafu kimya. Nikashindwa kukivumilia kile kimya."

"Kwa kanuni, shemeji," Kaijage akaanza, "wewe huna namba, kwa hiyo..."

"Najua, shemeji. Sina namba. Siku zote za mwaka naitwa mjane. Siku moja tu, saa nne asubuhi, naitwa Nne, na mume wangu anakuwa yupo mstarini." Akamgeukia Zuhra. "Wifi yangu, umetutendea mema mengi, mimi na Ignas. Lakini unataka watu waje kwa kupenda. Ignas angependa. Ila kwa kupenda tu hawezi kuja tena. Anakuja kwa amri."

Zuhra akainamisha kichwa.

Sajenti Chilumba akaitazama fimbo, akawatazama wanne. Akawaza, akajikuna kisogo. Mwisho akaiweka fimbo juu ya kigoda mbele yao.

"Jambo hili zito," akasema. "Nakwenda ndani kufikiri. Asitawanyike mtu mpaka nirudi!"

Akaingia ndani. Saa tano wakasimama. Saa sita wakasimama. Saa saba binti yake akatoka na ungo wa mchele, akawakuta jua limewapiga, akashangaa.

"Kwani mnamsubiri nani? Baba kashalala. Na akilala akiamka hakumbuki kitu. Msubirini, lakini mwambieni upya."

Hawakutikisika. Na mpaka ninapowasimulia bado wamesimama: anayehesabu, anayekwenda, anayechokoza, na anayejibu. Fimbo iko juu ya kigoda, na mtu akinyoosha mkono anaifikia.

Nyinyi mliokaa raha mstarehe mkinisikiliza, jibuni upesi, maana Kanali ameanza tena kuhesabu, na amefika tatu, na yule mama anavuta pumzi.

Je, nani alistahili fimbo ile?