Yai Ndani ya Chetezo cha Mbweha

Hadithi naitupa!

*Itupe, tuidake!*

Dakeni vizuri. Mkiiangusha, mimi siiokoti.

Hapo kale, kale yenyewe, huko Uchina, palikuwa na hekalu dogo la mzimu wa Mbweha. Alikaa nyuma ya pazia jekundu. Watu walimchomea udi kwenye chetezo kikubwa cha madhabahuni na kumpelekea mayai, maana mayai ndicho chakula chake.

Jirani na hapo aliishi Bi Liu na kuku wake. Kuku akitaga tu, Bi Liu huyo hekaluni na yai.

"Babu Mbweha, pokea. Nilindie kuku wangu asiliwe na mbweha."

Mnacheka? Yeye hakucheka.

Kuku akachoka kutaga bila kulea. Akaenda mwenyewe.

"Shikamoo, Babu Mbweha. Nilindie mayai yangu, Bi Liu asiyachukue. Nataka mtoto, hata mmoja."

Pale mtu huuliza kwa kutupa vipande viwili vya mwanzi. Kimoja chali, kimoja kifudifudi: Babu amekubali. Vyote kifudifudi: amekataa. Vyote chali: anakucheka.

Kuku akatupa kwa mdomo. Amekubali. Akatupa tena. Amekataa. Akatupa mara ya tatu. Anamcheka.

"Sasa nishike lipi?"

"Hata mimi sijui," Mbweha akasema nyuma ya pazia. "Bibi ananipa mayai nikulinde wewe. Wewe unataka nilinde mayai. Mimi nile nini?"

Kuku hakusikiliza. Alishika jibu la kwanza, kwa kuwa ndilo alilolitaka. Akaruka ndani ya chetezo, kwenye majivu ya vuguvugu, akataga, akaatamia.

Bi Liu akaja mikono mitupu, akamkuta kuku wake madhabahuni.

"Haya! Babu amegeuka kuku?"

Hakujua ambebe au ampigie magoti. Akapiga magoti. Kesho yake akaleta mtama. Majirani nao wakaleta mtama. Yai hakuna aliyeleta.

Kifaranga kikaanguliwa.

"Mama, nani anahema nyuma ya pazia?"

"Mlinzi wetu, mwanangu."

"Anakula nini?"

Pazia likatikisika. Kuku akamsukuma mwanawe mbele, wakatoka mbio. Manyoya yakabaki mlangoni. Ya mkia tu, msinililie hapa.

Bi Liu ameyaweka manyoya yale madhabahuni, na bado anapiga magoti. Anamwomba nani, hajui. Na Mbweha, kwa njaa yake, hajui aitike au anyamaze.

Nanyi mnaotafuta walinzi, ulizeni kwanza wanakula nini.

Hadithi yangu naiacha mlangoni, anayetoka aibebe. Tokeni sasa, mkalale.