Ngoma ya Kukanyaga Bwawa

Paukwa!

Pakawa!

Walio nyuma sijawasikia. Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale wanyama walikuwa na bwawa moja, na bwawa lile halikushika maji mpaka lichezewe ngoma. Kila mvua ikikaribia, wote waliteremka kukanyaga udongo, ti, ti, ti, ili nyufa zizibe. Manju wa ngoma alikuwa Korongo. Aliimba, "Madume, kanyageni! Majike, fagieni!" Madume wakakanyaga, majike wakasawazisha udongo kwa mikia. Ndivyo ilivyokuwa miaka yote, na Korongo hakupenda kubadilishiwa wimbo.

Mwaka huo madume wengi walikuwa wamefuata majani mbali. Walibaki wachache tu, kama Ngiri, ambaye alichechemea, na Tumbili, ambaye akikanyaga jani, jani halina habari. Na wingu lilikuwa linakuja, gudu gudu gudu.

Kanga hakutulia. Miguu ilimwasha. Mwaka jana bwawa lilivuja, akawapeleka vifaranga wake mto wa mbali. Walikwenda kumi na mmoja, wakarudi watatu. Sasa alikuwa na mayai tisa kichakani. Basi akajipenyeza mstari wa madume. Nani angemjua? Kanga jike na kanga dume madoa ni yaleyale. Akakanyaga, ti, ti, ti. Udongo ukaziba. Raha ikamzidi, akalia, "Kekee! Kekee!"

Ngoma ikakatika. Kanga dume hulia mara moja, kee, basi. Anayelia mara mbili ni jike.

"Kumbe wewe ni jike," akasema Korongo. "Rudi ukafagie."

"Nifagie kwa kitu gani, bwana? Mkia wenyewe ndio huu."

"Wimbo unasema majike wafagie."

Akarudi. Akafagia, fya, fya, hakuna kilichofagika. Ngiri akachoka, akaketi. Mvua ikaja, pwaa, bwawa likajaa, wote wakashangilia. Asubuhi yake maji yalikuwa ya magotini. Jioni yalikuwa matope. Yote yamekwenda zake chini.

Kanga akalia machozi. Halafu akaona wingu jingine linapanda, akamwendea Korongo bila hata salamu.

"Korongo, udongo umeuliza lini nani dume, nani jike? Wanangu wakifa tena, nitakuletea wewe uwazike. Ita kazi. Waite wakanyagaji, waite wafagiaji. Kila mmoja anaijua miguu yake."

Korongo akatazama matope. Akatazama wingu. Kisha akaimba: "Wakanyagaji, kanyageni! Wafagiaji, fagieni!"

Punda milia jike akaingia kukanyaga, ti, ti, ti. Swala wakafuata, Kanga yuko mbele. Tumbili akavuka upande wa pili bila kumtazama mtu, akazungusha mkia wake mrefu, fyaa, udongo ukang'aa. Ngiri akajongea kando yake kufagia. "Mngesema mapema," akanong'ona, "mguu wangu huu ungepona."

Mvua ikaja. Maji yakajaa, yakakaa. Siku ya kwanza yapo. Siku ya saba yapo. Mayai yakaanguliwa, Kanga akateremka bwawani na vifaranga wake. Akawahesabu wakienda, tisa. Akawahesabu wakirudi, tisa.

Basi watoto, na nyie wazazi mnaojifanya mmesinzia: ukiwa na kazi, ita kazi, anayeiweza ataitika mwenyewe. Hadithi yangu imeishia hapo ukingoni mwa bwawa. Mwenye kiu na anywe.